Kabla Hajapiga Simu, Mteja Ameshakutazama

Wateja wengi wa Dodoma siku hizi hawana shangazi hapa mjini. Naanzia hapo kwa sababu biashara ndogo kwetu imezoea kubebwa na shangazi, au jirani, au mama mwenye nyumba. Ukitaka fundi wa nguo unamuuliza yeye, naye anakuelekeza: nenda kwa fulani, nyuma ya msikiti, mwambie nimekutuma mimi. Ukifika kwa fundi, jina la shangazi limeshakutangulia. Kitambaa chako hakiwezi kuharibiwa hivihivi, maana wiki ijayo fundi na shangazi watakutana msibani.

Sasa mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza, ofisi yake iko Mtumba, amepanga Ilazo au Kisasa, hajamjua hata mwenyekiti wake wa mtaa, atamuuliza nani? Anashika simu. Anaandika "fundi nguo Dodoma", anapitisha kidole, anatazama. Na watu wa aina yake ni wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa 1973, lakini sisi tuliokuwapo tuliuona kwa macho kuanzia 2016, Serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahama kweli. Mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji, na kila mwezi unaopita mtaani kwetu kuna familia mpya inashusha makochi kwenye lori.

Mimi ni mpiga picha. Kazi nilijifunzia kwenye studio ya picha za pasipoti Majengo: pazia la bluu, kiti cha mbao, "inua kidevu kidogo, mama, usicheke". Ule uhamisho ulituletea foleni, maana kila fomu inataka picha mbili. Katika foleni hiyo akaja dada mmoja, fundi cherehani wa Chang'ombe, akasema anataka picha ya kuweka kwenye simu ili wateja wamfahamu. Nikampiga kama tulivyozoea: mikono imenyooka, macho mbele, pazia nyuma. Akaitazama, akanirudishia.

"Kaka, hii ni ya kupeleka benki. Mimi nataka ya kazini kwangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa studio. Tangu hapo nimepiga picha mafundi, wapishi wa shughuli, wasusi, wakulima wa zabibu, mafundi umeme na watu wa viwanja, na ninachokiamini ni hiki: kwenye mji wa wageni, picha ya mwenye biashara akiwa kazini kwake inafanya ile kazi ya shangazi. Inamtambulisha mtu kwa mtu. Na kwa kuwa ndiyo kazi yake, haitakiwi kudanganya.

Nieleze ilivyokuwa kwa yule dada wa Chang'ombe, kwa sababu karibu kila ninachofanya leo nilikiona siku ile kwenye fremu yake ya biashara. Ilikuwa fremu ndogo, cherehani mbili na ovaloki moja, vitenge vimekunjwa kwenye rafu, magauni yaliyokamilika yananing'inia kwenye waya. Ndani kulikuwa na taa moja ya mwanga mweupe wa kukata macho. Niliizima. Mlango wake ulitazama kusini, na kwa mtu wa picha huo ni utajiri: Dodoma iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na mlango wa kusini unapata mwanga mwingi ulio laini bila jua lenyewe kuingia. Tukasogeza cherehani hadi karibu na kizingiti. Shuka jeupe tulilitandika sakafuni mbele yake ili lirudishe mwanga chini ya kidevu. Vifaa vyangu vya ziada vilikuwa hivyo tu.

Kisha nikamwambia afanye kazi. Hakuamini. Alitaka kubadilisha nguo, avae gauni la harusini, akae na mikono mapajani. Nikamwomba abaki na kitenge alichokivaa, futi shingoni, chaki mkononi. Mwanzoni alikuwa anakata kitambaa huku ananichungulia, na picha zote zilionyesha mtu anayechungulia. Ikabidi aingie mteja wa kweli, mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguzwa kiuno. Hapo akanisahau. Alibana pini nne midomoni, akapiga goti, akaanza kubana gauni pembeni, na kila akichomeka pini moja alirudi nyuma hatua moja, akakunja jicho, akatazama mshono kama mtu anayepiga hesabu. Yule mama hakuonekana kwenye picha zaidi ya kiuno na mkono. Uso uliokuwamo ni wa fundi, pini midomoni, jicho moja limekunjwa.

Picha hiyo ndiyo aliyoiweka. Baadaye akaniambia watu wanafika mlangoni na kuuliza, "Wewe ndiye dada wa pini?" Wanaingia wakiwa wameshamzoea. Hawaanzi kwa kuuliza kama anajua kushona. Wanaanza kwa kutoa kitambaa kwenye mfuko. Aliyewahi kuendesha fremu mwaka wake wa kwanza anajua tofauti ya mteja anayekuja kukupima na mteja anayekuja kukupa kazi.

Kuna sababu nyingine iliyofanya picha ya fundi mwenyewe iwe muhimu hapa kuliko nilivyotarajia. Wateja wake wazuri ni watumishi wa umma, na wengi wao hawapendi kuposti. Mkurugenzi wa idara hataki picha yake akijaribu gauni izunguke kwenye stetasi ya fundi. Ana haki. Tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mimi huwaeleza wateja wangu kwamba sura ya mtu ni mali yake, umuulize kwanza, na ukiambiwa hapana usibishane. Lakini hata kabla ya sheria, ustaarabu ulisema hivyohivyo. Sasa kama huwezi kumwonyesha mteja, utamwonyesha nani? Jionyeshe wewe. Mikono yako, meza yako, mlango wako, namna unavyokaza pini.

Wafanyabiashara wengi wanakimbilia njia nyepesi: kupakua picha za magauni ya Lagos na keki za Marekani, kisha kuandika chini yake "karibuni tunashona" au "oda zinapokelewa". Hilo linaniumiza kweli, kwa sababu najua wengi wao wana mikono mizuri kuliko hizo picha. Mteja wa leo ameshatapeliwa, au ana ndugu aliyetapeliwa. Kila Mtanzania mwenye simu amepokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akiona keki yenye ghorofa tano iliyopigwa kwenye jiko la marumaru, halafu akaambiwa atume kianzio, moyo unasita. Ana haki ya kusita. Akiona keki ya kawaida tu, iliyopigwa mezani kwako, nyuma yake kuna jiko lako na wewe mwenyewe umevaa aproni, ile keki ya kawaida inampa ujasiri wa kulipa. Na jina linalotokea akilipa kwa Lipa Namba lifanane na jina la ukurasa wako, au basi liwe jina ambalo umeshamweleza. Uso ukisema hivi na jina la malipo likasema vile, mteja anafunga simu.

Kuna fundi umeme mmoja wa Nkuhungu, kijana mchapakazi, anafunga na sola. Alinipigia akisema, "Broo, nataka nionekane bosi." Alikuja na suti, na kompyuta mpakato ya kuazima. Nilimpiga na suti, kwa sababu ni yeye anayelipa na ile hamu yake naiheshimu. Kisha nikamwomba tuende alikokuwa anafunga umeme, nyumba mpya huko Nzuguni, bado haina madirisha. Pale nikampiga akiwa na ovaroli, tochi kichwani, amefungua boksi la swichi, nyaya zimepangwa kwa rangi kama nywele zilizosukwa. Zile nyaya zilizopangwa ndizo zilizompa kazi. Mtu anayejenga hajui umeme, ila unadhifu anaujua akiuona. Mhandisi mmoja aliyekuwa anajenga Miyuji alimpigia akamwambia hivyo hivyo: nimeona boksi lako, njoo uone langu. Suti ipo mpaka leo, ameiweka mahali pake, kwenye barua anazopeleka kuomba kazi za taasisi. Huko inafaa kabisa.

Si kila mtu anaweza au anataka kuonyesha uso, na wapiga picha wenzangu wasilazimishe. Mama mmoja mwenyeji wa Kondoa anaoka keki na visheti Area C, na kwao hawapendi sura yake iwekwe mtandaoni. Alinieleza mapema, kwa upole, akamalizia, "Sasa mwanangu, mimi sitafaa?" Nikamwambia anafaa sana. Tulipiga mikono yake. Ana hina inayofika kwenye kiganja, na ana bangili moja ya fedha ambayo haivui hata akikanda unga. Kila picha yake tangu siku ile ina ile mikono, meza ileile yenye kitambaa cha maua, mwanga uleule wa dirisha la jikoni. Ukipitisha kidole kwenye simu unamjua kabla hujasoma jina. Akiweka sauti yake fupi kwenye stetasi, akitaja bei na kusalimia, ametimia. Kwa hiyo ninaposema picha ya mwenye biashara sina maana ya sura peke yake. Nina maana ya kitu ambacho ni chake, ambacho mwingine hawezi kukipakua.

Upande wa zabibu nao una mafunzo yake. Dada mmoja ana shamba Mpunguzi, anauza zabibu za kula kwa wateja wa Dar es Salaam, anazituma kwa basi. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na wengi wanapiga picha siku za mavuno tu, kishada mkononi, tabasamu, basi. Baada ya hapo ukurasa unalala miezi. Tulikubaliana niende pia wakati wa kupogoa, na wakati vishada bado ni vidogo kama punje za mtama. Picha hizo zinamfanya mteja wa mbali asubiri pamoja naye. Anaona mkasi, anaona buti zenye udongo, anaona uso wa mwenye shamba msimu baada ya msimu, na mavuno yakifika anajua mzigo unatoka kwa nani, haujapita kwa madalali watatu. Wateja wake wengine humuuliza hali ya mvua kabla ya kuuliza bei.

Nizungumzie mwanga na ngozi kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanaonewa na kamera bila kujua. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, ukuta unaipumbaza kamera: inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama gizani. Mtu anaitazama picha anasema, "Nimetoka vibaya, mimi sina bahati na picha." Hapana, dada yangu. Una bahati zote. Ukuta ndio haufai. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo ili simu ipime pale, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Au badilisha ukuta: mlango wa bluu, matofali ya kuchoma, kitenge kilichotandazwa, hata kivuli cha mwarobaini. Tatizo hili halikuanza na simu. Enzi za filamu za rangi, maabara zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, mafundi walizoea kuziita Shirley, na ngozi zetu hazikuwamo kwenye hesabu kwa miaka mingi. Kwa hiyo mpiga picha wa hapa lazima ajue kupima uso mweusi, na akishindwa asimlaumu mwenye uso.

Jua la Dodoma ni kali, nanyi mnalijua. Kati ya saa tano na saa tisa linapiga utosini, macho yanakuwa mashimo, na jasho linang'aa kwenye paji la uso. Mimi hupiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ikilazimika mchana, tunaingia kivulini, mtu akitazama upande ulio wazi. Udongo wetu mwekundu unarudisha mwanga wenye joto kutoka chini, unapendeza sana kwenye ngozi, hakuna haja ya kuongeza rangi baadaye. Kipupwe kinaleta upepo na vumbi. Funika lenzi, beba kitambaa. Masika milima inakuwa kijani, na ukipiga nje wakati huo hata wenyeji watakuuliza ni wapi. Ila usinyanyue kamera ovyo karibu na majengo ya Serikali au kambi. Jiji letu limejaa walinzi na wana haki ya kukuuliza.

Na filta. Nakataa kumng'arisha mtu. Nikisafisha chunusi iliyotoka jana, sawa, kesho itakuwa imekwenda. Kumfanya mtu mweusi awe maji ya kunde, kumpunguza pua, kumlainisha mpaka uso uwe kama sahani, hilo sifanyi hata nikiongezwa hela. Sababu ya kwanza ni ya heshima. Ya pili ni ya biashara: mteja akifika dukani akakuta mtu mwingine, amani yote uliyompa mtandaoni inatoweka pale mlangoni. Anajiuliza, kama sura ilikuwa ya uongo, bidhaa itakuwa ya kweli? Msusi mmoja wa Makulu alibishana nami sana kuhusu hili. Akaweka picha zote mbili kwa wiki tofauti, yenye filta na isiyo na filta. Yenye filta ilipata mioyo mingi. Isiyo na filta ilileta watu waliouliza, "Unafungua saa ngapi?" Aliniletea simu yake nisome mwenyewe.

Nisidanganye kwamba picha inatosha. Nilimpiga mama mmoja anayepika vyakula vya shughuli, picha nzuri mno: masufuria makubwa, moshi wa kuni, yeye katikati na mwiko, amevaa kilemba cha manjano. Zikasambazwa, watu wakapenda. Lakini simu yake haikupokelewa, ujumbe ulijibiwa baada ya siku mbili, bei ilikuwa "njoo tuongee". Hakupata kitu. Picha ilifungua mlango, ndani hapakuwa na mtu wa kusema karibu. Baadaye binti yake alipochukua simu na kuanza kujibu, oda zikaja, na picha zilikuwa zilezile.

Halafu wezi. Yule dada wa pini aliwahi kuibiwa picha zake. Mtu akafungua akaunti ya uongo, akapokea vianzio vya watu kwa uso wa dada wa watu. Ilimliza. Tuliporudi kupiga picha nyingine tulibadili namna: tukahakikisha fremu yake inaonekana, jina lililoandikwa kwa rangi ukutani, na kibao cha namba ya nyumba walichobandika wakati wa zoezi la Anwani za Makazi mwaka 2022. Akaongeza video fupi, anatembea kutoka barabarani hadi mlangoni kwake akieleza njia. Picha ya uso mtu anaweza kuiiba kwa urahisi. Njia ya kwenda kwako, na sauti yako ukiieleza, inampa tabu. Mteja akiwa na shaka anamwambia tu, "Nitumie video sasa hivi uko dukani."

Watu huniuliza kama lazima walipe mpiga picha. Hapana, na ninasema hivyo ingawa ndio ugali wangu. Kama mtaji bado mdogo, nunua kitambaa kwanza. Futa lenzi ya simu yako kwa pindo la khanga, maana nusu ya picha zenye ukungu ninazoona ni mafuta ya vidole tu. Sogea mlangoni. Mpe simu mtu mnayeheshimiana, mwanafunzi wako wa ufundi au mdogo wako, umwambie akupige ukiwa unafanya kazi, asikuambie cheka. Apige nyingi. Chagua ile ambayo mtu anayekujua vizuri akiitazama anasema, "Huyu ni wewe kabisa." Mpiga picha mlete pale biashara inapoanza kupumua, na mlete kwa sababu maalumu: unafungua fremu mpya, unaongeza huduma, au msimu unakuja. Kwa hapa Dodoma msimu mmoja unajulikana: Bunge la bajeti linaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, nyumba za wageni zinajaa, kila mtu anatafuta chakula, usafi wa nguo, msusi, dereva. Anayepiga picha mwezi wa Machi anakuwa tayari. Wanaonipigia Mei nawaona wakihangaika na jua la mchana kwa sababu asubuhi na jioni wana wateja.

Ukishapata picha, zitunze. Mimi nazituma WhatsApp kama dokumenti, kwa kuwa ukizituma kama picha za kawaida zinabanwa na kupoteza ule ukali wake. Kwa mteja wa mwisho fanya kinyume: usimtumie faili kubwa, bando lake ni hela yake. Chagua moja ya uso wa karibu kwa ajili ya profaili, maana pale inaonekana kama kiduara kidogo tu. Nembo yenye maandishi madogo haisomeki, na picha ya mwili mzima inakuwa kijiti. Nyingine za kazini ziende kwenye stetasi na katalogi. Kumbuka pia kwamba stetasi inaonwa na mtu uliyemsevu naye akakusevu, na inakaa saa 24 tu. Mgeni aliyepata namba yako kwenye bango la barabarani haioni hata kidogo. Anachokiona yeye ni ile picha ya duara.

Ndiyo maana nikimaliza kazi na mtu, kabla sijafunga begi la kamera, namwomba simu yake tuangalie kitu kimoja. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, uone picha yako ya profaili inaonekana na nani. Wengi ninaowakuta wameweka ionwe na watu ambao wao wenyewe wamewasevu tu, kwa hiyo kila mteja mpya amekuwa akifungua namba yao na kukuta kivuli cha kijivu kisicho na uso. Weka ionwe na kila mtu. Kisha nipe namba yako nikupigie kwa simu ambayo hujaisevu, tuone kama unaonekana.